Waliovukia Mokambo

Mokambo ni mji mdogo wa mpakani katika eneo la Sakania, kusini mwa Katanga. Reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910 ilipita hapo ikitokea Sakania. Hapo pia ndipo inapoanzia barabara inayokata ule ulimi wa ardhi ya Kongo uliopenya ndani ya Zambia, hadi Chembe kwenye mto Luapula. Ng'ambo iko Mufulira, mji wa mgodi wa shaba. Mpaka wenyewe ulikubaliwa mwaka 1894 kati ya Waingereza na serikali ya Mfalme Leopold, nao ukawapasua Walala, Walamba na Waushi, ndugu huku na ndugu kule, bila mtu kuwauliza.

Watu wa Mokambo wamezoea wapita njia: wachuuzi, wafanyakazi wa migodini, jamaa wanaokwenda kuzika ng'ambo. Kuanzia mwaka 1965 wakaanza kufika wageni wa namna nyingine. Ziliingia familia nzima nzima, wake kwa waume, wazee na watoto, zikizungumza Kibemba na kuimba nyimbo za dini zilizotungwa na mwanamke aliyekuwa kizuizini. Ilipofika 1968 walikadiriwa kuwa karibu 20,000. Zambia ilikuwa na uhuru wake, bendera yake na rais mzaliwa wa wilaya moja na wengi wao, nao walikuwa wameikimbia.

Hao walikuwa waumini wa Lumpa, kanisa la Alice Lenshina. Walikuwa wamekataa kuchukua kadi ya chama cha siasa. Miaka kumi kabla ya hapo, hakuna mhubiri yeyote wa Lumpa ambaye angetaja kadi alipokuwa akihesabu madhambi. Alichokihubiri wakati ule kilikuwa uchawi.

Lenshina alizaliwa Alice Mulenga Lubusha, katika kijiji cha Kasomo, wilaya ya Chinsali, kaskazini mwa nchi ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mumewe, Petro Chintankwa, alikuwa seremala. Septemba 1953 mama huyu, ambaye hakuwa amesoma, alikwenda misheni ya Waskoti ya Lubwa akasema kwamba alikufa akafufuka, akakutana na Yesu, akapewa ujumbe awapelekee watu. Mchungaji wa Lubwa, Fergus Macpherson, hakumcheka wala hakumfukuza. Alimsikiliza, akamfundisha, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amembatiza. Lubwa haikuwa misheni ya kawaida. Ilianzishwa mwaka 1905 na mwinjilisti Mwafrika kutoka Nyasaland, David Kaunda, na hapo hapo ndipo alipozaliwa mwanawe Kenneth, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Zambia.

Ujumbe wa Lenshina ulikuwa mwepesi kushika. Mungu yuko karibu, hukumu iko karibu, na mtu hawezi kumwendea Mungu akiwa ameficha hirizi chini ya mto. Waliofika Kasomo walitakiwa kutoa kila walichokuwa nacho: pembe, vibuyu, mizizi, dawa za kinga na dawa za kuua, hata rozari na medali walizozitumia kama kago. Vitu hivyo vilirundikana kijijini. Aliyekiri na kutoa alibatizwa, na uchawi wake ukahesabiwa umekwisha. Pamoja na uchawi yakaja makatazo mengine: kuoa wake wengi, kurithi wajane, uzinzi, ulevi, tumbaku, kupiga ramli, matusi na chuki. Kwa mwanamke wa kijijini, ambaye mume angeweza kumletea mke mwenza wakati wowote na ambaye akifiwa angerithiwa na shemeji, orodha hiyo ilikuwa ukombozi. Haishangazi kwamba wanawake walijaa.

Kwa nini uchawi ukawekwa juu ya madhambi yote? Jibu liko katika sheria za wakoloni. Zamani mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa mwavi, sumu ya mtihani. Akitapika yu safi, akifa amejulikana. Serikali ikapiga marufuku mwavi, na kwa sheria ya 1914 ikawa kosa hata kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Mtawala wa kizungu alidhani anakomesha ujinga. Wanakijiji waliona jambo jingine kabisa, kwamba serikali imewawekea wachawi ngao. Wamisheni nao walisema uchawi haupo, na kwa mama aliyezika watoto watatu mfululizo maneno hayo hayakuwa faraja. Mtu yeyote ambaye angesema uchawi upo, tena una dawa, angepata watu.

Na eneo hili la Mokambo na Sakania lilikuwa limekwisha kumwona mtu wa jinsi hiyo, miaka arobaini kabla ya wakimbizi wa Lumpa kuvuka. Aliitwa Tomo Nyirenda, kijana wa Nyasaland aliyesomea misheni ya Livingstonia kisha akaja kutafuta kazi upande wa migodi. Mwaka 1925 alibatizwa na wahubiri wa harakati ya Watch Tower, akaanza kuhubiri kati ya Walala wa Mkushi, akajiita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Aliahidi kwamba wakombozi weusi watatoka Amerika na kodi itakwisha. Alibatiza kwa kuzamisha, na ubatizo huo huo ukawa mtihani: ambaye mwili wake haukuzama sawasawa alitangazwa mchawi. Chifu Shaiwila, mwenye maadui wake wa kuondoa, alimkaribisha kwa mikono miwili. Watu wakaanza kufa majini.

Serikali ya Kiingereza ilipomfuatia, Nyirenda alivuka mpaka akaingia Katanga, kwa Walala wa upande wa Kongo, ambako hali ilikuwa mbaya zaidi. Hesabu ya waliouawa pande zote mbili inakaribia 200, na wengi mno kati yao walikufa upande wa Kongo. Askari wa Wabelgiji wakamsaka, akarudi Rhodesia, akakamatwa Septemba 1925 na baadaye kunyongwa pamoja na Shaiwila. Mwaka huo huo Roma iliunda jimbo jipya la kimisionari la Luapula ya Juu, likakabidhiwa Wasalesiani wa Don Bosco chini ya Monsinyori Sak. Mapadri hao wakafanya kazi katika vijiji ambavyo vilikuwa vimetoka kuwazika waliokufa kwa ubatizo.

Tofauti kati ya Mwana Lesa na Lenshina inastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu maadui wa Lenshina walipenda kuwachanganya. Wote wawili waliweka uchawi kileleni mwa dhambi. Nyirenda alimtafuta mchawi ili amwue. Lenshina alimwita mchawi aje mwenyewe, aweke mzigo chini, aende nyumbani akiwa mtu mpya. Kwa miaka kadhaa kanisa lake lilikuwa labda ndilo pekee katika nchi ile lililokuwa na njia ya kumpokea mtu aliyekiri kwamba alitaka kumwua jirani yake kwa uchawi.

Makanisa ya zamani hayakujua la kufanya. Kwa Waskoti wa Lubwa, adhabu ilikuwa kumsimamisha mkosaji asishiriki Meza ya Bwana mpaka atubu na wazee wa kanisa wamrudishe. Lenshina alipoanza kubatiza watu mwenyewe, mambo hayakuweza kusuluhishwa tena. Ilipofika 1955 yeye na mumewe walikuwa nje ya ushirika wa Lubwa. Kwa Wakatoliki mlango ulikuwa mzito zaidi. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilisema Mkatoliki anayejiunga na madhehebu mengine amejitenga mwenyewe na ushirika, bila kungoja hukumu ya mtu. Akitaka kurudi lazima aukane upotovu wake mbele ya askofu au mjumbe wake na mashahidi wawili. Sheria hiyo iliwagawa waliotengwa katika makundi mawili: wale wa kuvumiliwa, na wale wachache, waliotajwa kwa majina, ambao waamini waliamriwa kuwakwepa hata katika maisha ya kila siku. Kundi hilo la pili liliondolewa katika sheria mpya ya 1983. Lakini katika miaka ya 1950 mapadri wa White Fathers walizitazama parokia zao zikimwagika kuelekea Kasomo, na uhasama kati yao na Walumpa ukawa wa wazi, kila upande ukiuita mwingine kazi ya shetani.

Kasomo ikapewa jina la Sioni. Kati ya 1956 na 1958 waumini walijenga hapo kanisa kubwa la matofali, Kamutola, kwa mikono yao wenyewe na kwa fedha zao. Mwaka 1957 Lumpa iliandikishwa rasmi. Makumi ya maelfu ya watu, kutoka Chinsali hadi miji ya shaba, walikuwa wamebatizwa. Nyimbo za Lenshina, zenye mahadhi ya Kibemba halisi tofauti na zile tenzi za Kizungu zilizotafsiriwa, ziliimbwa hata na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Sioni.

Kisha siasa ikaingia kijijini.

Mwanzoni Lumpa na wapigania uhuru walielewana. Walikuwa na hasira moja juu ya wakoloni, na Robert Kaunda, nduguye Kenneth, alikuwa muumini wa Lumpa kwa muda. Lakini chama cha UNIP kilipopata nguvu baada ya 1960, kilitaka kitu kile kile ambacho kanisa lilitaka: mtu mzima mzima. Kilikuwa na mikutano yake, nyimbo zake, vijana wake wa kulinda nidhamu, na kadi. Wengi wakahama kutoka Lumpa wakaenda UNIP, na kanisa likapungua. Mbele ya upungufu huo Lenshina akatangaza kwamba waumini wake wasijiunge na chama. Kadi ikaingia katika orodha ya madhambi.

Hapa ndipo historia hii inapouma. Aliyekuwa amebatizwa Kasomo, kisha akanunua kadi, hakuonekana tena kuwa ndugu aliyepotea njia kidogo. Alikuwa amerudi katika ulimwengu wa giza alikotolewa. Kwa upande wa chama, aliyerudisha kadi au kuikataa alikuwa msaliti wa taifa ambalo lilikuwa halijazaliwa bado. Katika kijiji kimoja, pengine katika nyumba moja, kila mmoja alikuwa mwasi mbele ya mwenzake. Hakukuwa na mahali pa kusimama katikati. Chama kilifanya kazi ya kanisa na kanisa likafanya kazi ya chama, na watu wa kawaida wakabanwa kati ya viapo viwili.

Makanisa ya Lumpa yalichomwa. Nyumba za watu wa UNIP nazo zikachomwa. Walumpa wakajitenga, wakajenga vijiji vyao wenyewe bila ruhusa ya machifu, wakavizungushia maboma, wakaishi humo waliookoka peke yao. Mwandishi anayeyatazama hayo leo hawezi kuwalaumu kwa kutaka usalama. Hata hivyo, jamii inayokaa na watu wa fikra moja tu ndani ya uzio, huku nje kukiwa na moshi, huacha kusamehe haraka. Yule mchawi wa 1954 alikuwa na njia ya kurudi. Mwenye kadi wa 1964 hakuwa nayo.

Kenneth Kaunda alikuwa waziri mkuu tangu Januari 1964, na uhuru ulipangwa kuwa Oktoba 24. Julai alikwenda Chinsali akaagiza vijiji visivyo na ruhusa vibomolewe na watu warudi kwao. Walumpa hawakutoka. Mwishoni mwa mwezi polisi waliotumwa walishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Gavana Evelyn Hone akatangaza hali ya hatari, na jeshi likaingia. Julai 30 askari waliizingira Sioni. Waumini waliwakabili kwa mikuki, mashoka na magobole, na wakapigwa risasi, wanawake wakiwa miongoni mwao. Walumpa nao walishambulia mji wa Lundazi na kuua raia. Agosti 3 kanisa lilipigwa marufuku, na siku chache baadaye Lenshina akajisalimisha. Idadi rasmi ya waliokufa ilizidi 700, na wapo wanaoamini kwamba walikuwa wengi zaidi.

Serikali mpya ilitaka waliosalia warudi vijijini mwao, yaani waishi ukuta kwa ukuta na waliowachomea nyumba, na ambao wao pia waliwachomea. Wengi walikataa. Wakapita miji ya shaba, wakafika Mufulira, wakavuka.

Ajabu ni kwamba nchi waliyokimbilia haikuwa na sifa ya kuvumilia madhehebu. Wabelgiji waliipiga marufuku Kitawala, ile harakati ya Watch Tower waliyoiendesha Waafrika wenyewe, katika jimbo la Katanga mwaka 1937, na ilipofika 1949 marufuku ilikuwa ya nchi nzima. Aliyekamatwa hakuhitaji kuwa amemdhuru mtu. Alihamishwa kwa amri ya serikali akapelekwa mbali na kwao, na waliohesabiwa kuwa hatari walifungiwa katika kambi za kilimo kama ile ya Kasaji, magharibi mwa Katanga. Matokeo yake ni kwamba serikali ilisafirisha wahubiri wa Kitawala bure, kwa treni na meli zake, hadi kwenye majimbo ambayo hayakuwahi kulisikia jina hilo. Kanisa Katoliki la Katanga nalo, miaka michache tu baada ya Walumpa kufika, liligeuka na kuwafukuza wanawe. Jamaa, harakati ya wanandoa iliyochipuka kwa Padri Placide Tempels huko Ruwe, karibu na Kolwezi, mwaka 1953, ilitakiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuyakana mafundisho yake ya siri. Waliokataa walinyimwa sakramenti, na baadhi yao wakaendelea wenyewe kwa jina la Jamaa Takatifu Katolika. Baba na mama waliokuwa wamesali katika parokia kwa miaka ishirini wakajikuta wanasali sebuleni.

Basi Walumpa wa Mokambo hawakupata nchi ya uhuru wa dini. Walipata tu mahali ambapo hakuna aliyewadai kadi ya UNIP. Hilo liliwatosha.

Suala la kadi halikuishia kwao. Nchini Malawi, Mashahidi wa Yehova walikataa kununua kadi ya chama cha Rais Banda kwa sababu walikuwa wamefundishwa kwamba Mkristo hashiriki siasa. Walipigwa marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu kwa maelfu walifukuzwa kwa vipigo, wakakimbilia Sinda Misale, ndani ya Zambia ile ile iliyokuwa imewakimbiza Walumpa. Kwao pia, aliyenunua kadi ili aokoe shamba lake hakuhesabiwa tena kuwa mmoja wao. Mateso kutoka nje na hukumu kutoka ndani vilimpata mtu yule yule kwa wakati mmoja.

Mashahidi ndio wenye utaratibu ulioandikwa wazi kuliko wengine wote katika eneo hili, ambako Zambia ina Mashahidi wengi kuliko nchi nyingi duniani kwa kulinganisha na idadi ya watu. Utaratibu wa kumtenga mtu na ushirika ulitangazwa mwaka 1952. Wazee wa kutaniko humsikiliza mshtakiwa faraghani. Asipotubu, jina lake husomwa mkutanoni, na tangu hapo ndugu hawali naye. Makosa yanayomfikisha hapo yameongezwa hatua kwa hatua: kutiwa damu mwaka 1961, tumbaku mwaka 1973. Mwaka 1974 kamba ililegezwa kidogo, kisha ikakazwa mwaka 1981: hata aliyeondoka kwa hiari yake, bila kosa jingine, asisalimiwe. Kwa mji mdogo wa mpakani hukumu hiyo si jambo dogo. Aliyetengwa na aliyemtenga huteka maji kisima kimoja, na binti anaweza kumpita mama yake mzazi sokoni kimya. Mwaka 2024 Baraza lao Linaloongoza liliruhusu aliyeondolewa asalimiwe kwa kifupi na kukaribishwa mkutanoni, ila si wale wanaoitwa waasi-imani, na neno lenyewe la kutengwa likaachwa. Nchini Norway jambo hili lilifika mahakamani: serikali iliwafutia usajili mwaka 2022 kwa sababu ya jinsi wanavyowatendea waliotoka, na mahakama ya rufaa ikawapa Mashahidi ushindi mwaka 2025. Walumpa hawakupata hakimu wa kuwasikiliza. Walipata kikosi cha jeshi.

Lenshina alizuiliwa miaka kumi na moja bila kushtakiwa mahakamani. Petro alifariki mwaka 1972 akiwa bado kizuizini. Mama huyo alitolewa gerezani Desemba 1975 lakini akaendelea kuwekwa chini ya ulinzi, akafariki Desemba 1978, akazikwa Kasomo. Hali ya hatari iliyotangazwa kwa ajili ya kanisa lake haikuondolewa vita vilipokwisha, wala uhuru ulipokuja. UNIP iliitumia dhidi ya wapinzani wa kila aina kwa miaka 27, mpaka Frederick Chiluba alipoiondoa baada ya kumshinda Kaunda mwaka 1991. Warithi wa Lumpa wameendelea kusali katika makanisa yaliyogawanyika, mengine yakijiita Yerusalemu, na yapo yanayobishana juu ya nani hasa alibaki mwaminifu: yule aliyevumilia ndani ya Zambia akanyamaza, au yule aliyevukia Mokambo.